Mota ya umeme ya kurambazia sangara: pauni 55 za volti 12 zinatosha, au niende volti 24?

#1 Mrambazaji (Mwanza)
Wakuu, habari za majukumu.

Nina boti la faiba la mita 5.2, nyuma nimefunga Yamaha 40 ile ya kuchanganya oili na petroli. Navua sangara kwa fimbo, nakokota rapala (chambo cha bandia) kuanzia Ghuba ya Mwanza hadi visiwa vya kuelekea Ukerewe. Kurambaza, yaani kukokota chambo hivyo, kunataka mwendo wa kilomita 4 au 5 kwa saa, na mashine hii ukiishikilia kwenye mwendo huo muda mrefu plagi zinalowa, inaanza kumisi, moshi unawarudia wenyewe mlioko ndani. Petroli nayo inakwenda bure.

Nimeamua kuongeza mota ya umeme kwa kazi ya kurambaza tu. Yamaha itabaki ya kwenda na kurudi. Nimepata mbili. Ya kwanza ni pauni 55 za msukumo, volti 12, ya kubana nyuma, shafti sentimita 91, unaiongoza kwa mkono. Ya pili ni pauni 80, volti 24, inafungwa mbele, ina GPS na rimoti, shafti sentimita 152. Bei yake ni karibu mara nne ya ile ya kwanza.

Viwanda vinasema pauni 2 za msukumo kwa kila pauni 100 za uzito. Boti, mashine, watu watatu, petroli na vyombo vyote ni kama kilo 800, yaani pauni 1,760. Jibu linakuja pauni 35. Kwa hesabu hiyo 55 inatosha na chenji inabaki. Sasa kwa nini kila ninayemuuliza ananiambia chukua 80? Wajuzi njooni.

#2 Baba_Neema (Dodoma)
Naweka kambi hapa. Nina mpango kama huo Bwawa la Mtera.

#3 Maziwa10Elfu (Minnesota)
Salaam mkuu. Huku nilipo mota hizi ndizo nyumbani kwake, kwa hiyo acha nichangie.

Hesabu ya 2 kwa 100 ni ya kweli, ila ni kiwango cha chini kabisa na ni ya maji yaliyotulia. Upepo haumo, mkondo haumo, mawimbi hayamo. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kulisukuma boti inaongezeka mara nne. Boti la faiba lenye kingo ndefu na watu watatu wamesimama linashika upepo kama tanga. Hapo pauni 35 zako zinaisha kabla hujamaliza kufunga chambo.

Pia usidhani 80 itakukimbiza zaidi ya 55. Kwenye maji matulivu zote zinaishia kilomita 5 au 6 kwa saa, kwa sababu pangaboi zake zimekunjwa kwa ajili ya mwendo wa chini. Tofauti utaiona upepo ukikujia usoni: 55 itabaki inazunguka boti likiwa pale pale, 80 itaendelea.

Historia kidogo kwa wanaopenda: mwaka 1934 bwana mmoja wa Fargo, North Dakota, O.G. Schmidt, alichukua starta ya Ford Model A akaiunganisha na shafti na pangaboi. Kutoka hapo ikatoka Minn Kota, ambayo hadi leo kiwanda chake kiko Mankato, Minnesota. Vipimo vyao vingi vimezaliwa kwenye maziwa ambayo ukisimama huku unaiona ng'ambo. Victoria ina kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Kipimo cha bwawa usikipeleke huko bila kukiongezea. Chukua 80.

#4 FundiWaya (Mwanza)
Mnaanzia mwisho. Pauni ni namba ya kwenye boksi. Swali ni betri gani, na umeme unafikaje kwenye mota. Nimeona mota za pauni 80 zinazosukuma kama 40 kwa sababu ya waya wa kuunganishia taa. Mleta uzi, una betri gani sasa?

#5 Mzee_wa_Kome (Sengerema)
Mnamtisha kijana. Mimi ziwa hili nimekulia ndani yake. Alfajiri hadi saa nne hivi maji yametulia, upepo wa kutoka ziwani unaanza kupanda baadaye. Sangara anashika asubuhi na jioni, mchana jua kali unatafuta nini huko? 55 inamtosha kabisa. Upepo ukija, anapandisha mota, anawasha Yamaha, anarudi. Hela inayobaki anunulie jaketi okozi za kueleweka.

#6 Kolekole254 (Kilifi)
Hodi wanauzi. Mimi ni wa bahari lakini mota ni ile ile.

Mnabishana pauni, mimi nauliza inafungwa wapi. Ya nyuma inasukuma, ya mbele inavuta. Ukivuta boti kutoka omo, tezi linafuata lenyewe, upepo ukilipiga ubavu unasahihisha kidogo tu. Ukisukuma kutoka nyuma, omo inakimbizwa na upepo na kazi yako yote inakuwa kurudisha usukani badala ya kuangalia fimbo. Kwa boti la mita 5 hiyo ni tofauti kubwa kuliko pauni 25.

Halafu ile GPS ya kushikilia boti mahali pamoja bila nanga, ukishaionja hurudi nyuma. Huku kwetu tunaisimamisha juu ya mwamba wa chewa na kolekole tunachezesha chambo cha chuma wima. Kurambaza sulisuli hatuitumii hata, kule unahitaji maili 6 hadi 8 za bahari kwa saa na hakuna mota ya aina hii inayofika.

#7 Mrambazaji (Mwanza)
Asanteni sana. @FundiWaya nina N100 mbili nilizotoa kwenye lori la kaka yangu, bado nzima. Nilikuwa nafikiri nianzie hizo.

@Kolekole254 sawa, lakini sangara naye akikaa kwenye mawe unaweza kumsimamia hivyo hivyo? Hapo ndipo GPS inapoanza kunishawishi.

#8 Kolekole254 (Kilifi)
Anakaa sana kwenye mawe makubwa yanayoshuka kwenye kina. Simama juu, teremsha chuma au samaki wa mpira. Ila ukisimama mahali pamoja mota inafanya kazi muda wote ikipigana na upepo. Rudi kwenye swali la fundi la betri.

#9 FundiWaya (Mwanza)
Sasa tuongee.

N100 ya lori ni betri ya kupigia starta. Sahani zake nyembamba, zinatoa umeme mwingi sana kwa sekunde chache halafu alteneta inarudisha. Ukiifanyia kazi ya kuimaliza kila siku, sahani zinachakaa upesi sana. Nusu msimu utaona imekuwa ya kushikia mlango.

Hata ukinunua ya asidi ya sola, elewa maandishi yake. Ah 100 ni pale unapovuta ampea 5 kwa saa 20. Mota ya pauni 55 spidi ya mwisho inavuta ampea 50 hivi. Kwa mvuto huo betri ya asidi haikupi zile 100, na hutakiwi kushuka chini ya nusu. Ukweli wake ni nusu saa na ushee ya spidi ya mwisho. Kwa spidi ya nusu utapata masaa, hilo sikatai.

Lithiamu ya fosfeti, volti 12.8 Ah 100, ni wati-saa 1,280 na unazipata karibu zote. Kwa ampea 50 ni saa mbili, kwa ampea 20 ni saa tano. Uzito ni kilo 11 au 12 wakati ya asidi inakaribia 30. Kwa mota ya volti 24 unafunga mbili mfululizo. 80 ya volti 24 inavuta kama ampea 56, kwa hiyo ni wati 1,300 dhidi ya 600 za ile ndogo. Msisahau hilo mnapomwambia achukue 80: anabeba betri mara mbili na chaja mara mbili.

Waya. Mota mbele, betri nyuma, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi. Ukitumia waya wa mm 6 kwa ampea 50 unapoteza volti 1.5 njiani. Betri inatoa 12.8, mota inapata 11.3. Ukitumia mm 16 unapoteza 0.6 tu. Breka ya ampea 60 iwe kwenye waya wa chanya, karibu na betri, isizidi mita 1.8. Lagi (vichwa vya kufungia waya) zikandamizwe kwa mashine yake, si kwa koleo na gundi ya risasi.

#10 Nyavu_Ndogo (Bukoba)
Fundi umemaliza kila kitu, uzi ufungwe 😀

#11 Maziwa10Elfu (Minnesota)
Usifungwe. @FundiWaya nakazia kwenye waya. Nyongeza moja: kabla ya kununua lithiamu uliza BMS yake (saketi ya ndani inayoilinda betri) inaruhusu ampea ngapi mfululizo. Zipo za Ah 100 zenye BMS ya ampea 50. Kwa taa na redio ni sawa, kwa mota ya pauni 55 ni balaa. Tafuta ya ampea 100.

Na kama mota ni ya spidi tano za kubofya, ile ya zamani, ujue spidi 1 hadi 4 zinapunguza mwendo kwa kuunguza umeme kwenye koili. Zenye kidhibiti cha kidijitali zinakatakata umeme na kuokoa betri nyingi kwenye mwendo wa chini. Kurambaza ni mwendo wa chini. Kwa mleta uzi hili lina uzito kuliko pauni.

#12 Dada_Mwalo (Musoma)
Jamani afadhali uzi huu umekuja, mimi nina shida hiyo hiyo mnayoizungumzia na sijapata mtu wa kunijibu.

Nina mota ya pauni 55 volti 12 kwenye boti la mbao la mita 4.8, ya kubana nyuma. Betri ni lithiamu Ah 100, mpya. Asubuhi inafanya kazi vizuri sana. Mchana upepo ukianza na mimi nikiongeza spidi hadi mwisho, baada ya muda inazima yenyewe, kimya. Nikisubiri kidogo na kurudisha spidi sifuri, inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Aliyeniuzia betri anasema mota mbovu. Aliyeniuzia mota anasema betri mbovu. Wote wawili wanataka nirudishe kwa mwenzake.

#13 Maziwa10Elfu (Minnesota)
Dada, umesoma #11? BMS. Mota inavuta 50 na kitu, BMS inakata kujilinda, ukitoa mzigo inajirudisha. Dalili ni zile zile.

#14 FundiWaya (Mwanza)
Pole dada. Usikimbilie BMS. Waya wako ni mm ngapi? Waya mwembamba unashusha volti, kidhibiti cha mota kinaona betri imekwisha kinazima. Ukipumzika volti inapanda, inawaka. Dalili ni zile zile pia. Weka mkono kwenye lagi ikiwa spidi ya mwisho. Ikikuunguza umepata mwizi.

#15 Bin_Seif (Muscat)
Assalaam aleikum. Mmesahau joto. Hapa kwetu betri ikikaa ndani ya boksi lililofungwa juani BMS inakata kwa joto peke yake. Lithiamu ya fosfeti nyingi haziruhusiwi kuchajiwa juu ya nyuzi 45, na kutoa mwisho ni 60 hivi. Boksi jeusi mchana linafika huko bila taabu. Dada, betri yako inakaa wapi?

#16 Mzee_wa_Kome (Sengerema)
Hakuna aliyemuuliza kama pangaboi limeshika nailoni. Mshipi ukijizungusha nyuma ya pangaboi, mota inakaza, inavuta umeme zaidi. Mbaya zaidi ule mshipi unakata sili na maji yanaingia ndani. Fungua nati, toa pangaboi, utaona pete ya nailoni imejibana kwenye shafti, wakati mwingine imeyeyuka imekuwa ngumu kama pembe. Hii kazi ifanywe kila unaporudi mwaloni, na ubebe pini ya akiba maana ndiyo inayovunjika ukigonga jiwe.

#17 Dada_Mwalo (Musoma)
Nawajibu wote. Waya ni mm 6, mita 5, kwa sababu betri iko mbele kusawazisha uzito. Betri iko kwenye boksi la plastiki jeusi @Bin_Seif, umejuaje? Breka ipo, ya ampea 50. Pangaboi nimelifungua leo: kweli mshipi upo, mweupe, umejibana, lakini kidogo. Sili naona nzima.

Kuhusu lagi, moja ya hasi ni ya moto kuliko nyingine.

#18 Kolekole254 (Kilifi)
Breka ya ampea 50 kwa mota inayovuta ampea 50, juani, ndani ya boksi. Hizi breka za joto zikishapata moto wa nje zinakata hata kabla ya namba yake. Na ziko zinazojirudisha zenyewe zikipoa. Wote mnatafuta mbali.

#19 FundiWaya (Mwanza)
@Kolekole254 hapo umesema kitu. Lakini mm 6 kwa mita 5 bado ni kosa na lagi moja ya moto ni kosa la pili. Dada badilisha waya uwe mm 16, kandamiza lagi upya, halafu pima kwa klampu mita na voltimita. Tuletee namba za betrini na namba za motani, mwendo ukiwa wa mwisho.

#20 Baba_Neema (Dodoma)
Wakati tunasubiri: nina shemeji anakuja kutoka Marekani mwezi ujao. Naweza kumbebesha mota na betri ya lithiamu kwenye mabegi?

#21 Maziwa10Elfu (Minnesota)
Mota sawa, ikatwe shafti kwenye boksi lake na alipie uzito. Betri hapana kabisa. Abiria anaruhusiwa hadi wati-saa 100, na hadi 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Wewe unataka kumbebesha 1,280. Hata kama mzigo wa kawaida, tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ayoni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kupakiwa kwenye ndege za abiria. Nunua huko au isafiri kwa meli.

#22 Nyavu_Ndogo (Bukoba)
@Maziwa10Elfu "ikatwe shafti"? Shemeji wa watu atafika na vipande 😀

#23 Maziwa10Elfu (Minnesota)
Ivuliwe kichwa, mkuu, usinitafutie kesi. Ingawa za kubana nyuma shafti yake watu hukata kweli kwa boti fupi.

Na hilo linanikumbusha, hakuna aliyeongelea urefu wa shafti. Kwa ya nyuma, pima kutoka unapobana hadi majini, ongeza sentimita 30 au zaidi ili pangaboi lizame vizuri. Kwa ya mbele pima kutoka sitaha hadi majini, ongeza 50, na kama kuna mawimbi ongeza tena. Omo ikipanda juu ya wimbi pangaboi likitoka nje linanyonya hewa, linalia, halisukumi chochote. Mrambazaji, sentimita 91 ya ile 55 nina wasiwasi nayo kwenye boti la faiba lenye nyuma ndefu. Pima kabla hujatoa hela.

#24 Otieno_wa_Ghuba (Homa Bay)
Nimefika nimechelewa. Huku Ghuba ya Winam adui ni gugu maji. Ukinunua mota uliza pangaboi la mabawa mawili la kupenya majani. La mabawa matatu linasukuma vizuri maji yakiwa safi, lakini kwenye gugu linakuwa mkeka wa mizizi kwa dakika. Na usikate gugu kwa kuongeza spidi, rudisha nyuma kidogo linajifungua. Mbuta (sangara) wakubwa wako kando ya hayo magugu, kwa hiyo huwezi kuyakwepa.

@Maziwa10Elfu hilo ziwa lako si huwa linaganda? Mota unaiweka wapi miezi hiyo?

#25 Maziwa10Elfu (Minnesota)
Linaganda, tunatoboa barafu tunavua kwa shimo. Mota inakaa gereji na betri inachajiwa. Hapo ndipo huwa nasoma nyuzi zenu.

#26 Mrambazaji (Mwanza)
Nimepima: kutoka ubao wa nyuma hadi majini, boti likiwa na watu watatu, ni sentimita 48. Nikiongeza 30 nafika 78. 91 inaingia, lakini ubao wenyewe umeinama, mota itakaa kwa mshazari.

@Mzee_wa_Kome nimeelewa hoja ya asubuhi. Ila mzee, juzi kati alfajiri tulikuta ziwa limechafuka kabisa.

#27 Mzee_wa_Kome (Sengerema)
Miezi gani? Kusi ikivuma, Juni hadi Agosti, hapo hata mimi nabaki nyumbani.

#28 Otieno_wa_Ghuba (Homa Bay)
Mzee kwa heshima, si kusi peke yake. Ziwa hili lina ngurumo za usiku. Nchi kavu inapoa, upepo unatoka pande zote kwenda ziwani, mawingu yanajengeka katikati usiku na mvua yake inaweza kuendelea hadi asubuhi. Wavuvi wengi wa dagaa wamepotelea kwenye hizo. Asubuhi tulivu si mkataba. Mtu asipange mota kwa siku nzuri tu.

#29 Mzee_wa_Kome (Sengerema)
Hilo ni kweli, na wengi tumewazika. Lakini ndiyo maana nasema Yamaha ndiyo ya kumrudisha nyumbani, mota hii si ya kupigana na dhoruba. Mnunulie mtu pauni 112, dhoruba ya ziwa haimjui. Na makasia yawe ndani ya boti, siku zote.

#30 Dada_Mwalo (Musoma)
Nimerudi na namba. Fundi wa hapa Musoma alikuja na klampu mita.

Kabla ya kubadilisha: betrini 12.9, motani 11.4, ampea 49. Baada ya waya wa mm 16 na lagi mpya: betrini 12.8, motani 12.2, ampea 52. Mota ina nguvu kuliko ilivyowahi kuwa, boti linapanda wimbi vizuri. Lagi baridi kabisa. Boksi nimetoboa matundu na kulifunika kwa kitambaa cheupe.

Lakini mchana ikazima tena. Tena safari hii ilizima mapema zaidi.

#31 FundiWaya (Mwanza)
Volti 1.5 zilizokuwa zinapotea zimekuwa 0.6, kama nilivyosema. Waya umepona. Sasa tatizo la waya lilikuwa limefunika tatizo jingine.

#32 Maziwa10Elfu (Minnesota)
Limefunika nini, fundi? Angalia namba. Umempa mota volti zaidi, imevuta ampea zaidi: 49 imekuwa 52. Kama BMS ni ya ampea 50 ndiyo maana inakata mapema sasa. Waya mwembamba ulikuwa unamlinda bila kujua. Dada soma kibandiko cha betri, tafuta maneno ya mvuto wa mfululizo.

#33 Kolekole254 (Kilifi)
52 kwenye breka ya 50. Ni hoja ile ile, inaelekea kwangu. Badilisha breka kwanza, ni rahisi kuliko betri.

#34 Dada_Mwalo (Musoma)
Kibandiko kimeandikwa Ah 100 na volti 12.8 tu, basi. Nimempigia muuzaji, anasema "inabeba mzigo wowote".

#35 Bin_Seif (Muscat)
Betri isiyosema ampea zake ni betri ya kuogopa. Lakini kwa nini mchana tu? Kama ni ampea peke yake, ungeweza kuizima asubuhi pia kwa spidi ya mwisho. Umejaribu? Mimi bado nasema joto limo.

#36 Dada_Mwalo (Musoma)
Asubuhi sijawahi kuipeleka spidi ya mwisho muda mrefu, hakuna haja, maji yametulia. Kwa hiyo siwezi kusema.

#37 Mzee_wa_Kome (Sengerema)
Mnaona? Asubuhi haja hakuna. 55 inatosha asubuhi.

#38 FundiWaya (Mwanza)
Mzee umeng'ang'ana 😀

Dada, kipimo kimoja kitatenganisha. Ikizima usirudishe spidi sifuri. Mtu mwingine ashike voltimita tayari kwenye temino za betri, nyingine baada ya breka. Ikiwa temino za betri zinasoma karibu na sifuri, BMS imekata. Ikiwa betri inasoma 13 na baada ya breka hakuna kitu, ni breka. Ikiwa umeme unafika motani, basi kidhibiti cha mota chenyewe kinajilinda.

#39 Mrambazaji (Mwanza)
Dada asante, umeniokolea hela kabla sijazitoa. N100 za kaka zinarudi kwenye lori.

Hivi sasa naegemea ya mbele lakini sijashawishika na volti 24. Kuna pauni 55 za volti 12 za kufunga mbele zenye GPS. Betri moja nzuri ya BMS ampea 100, waya mm 16, breka 60. Paneli ya wati 100 juu ya boti inaweza kuichaji?

#40 FundiWaya (Mwanza)
Wati 100 kwa jua la Mwanza inakupa wati-saa 400 hivi kwa siku nzuri. Betri yako ni 1,280. Ukiimaliza unasubiri siku tatu. Ni ya kujazia, chaja ya nyumbani iwepo, na iwe ya lithiamu inayoishia volti 14.6.

Ukifunga mbele, usibane skrubu kwenye faiba tupu. Weka ubao au bamba la aluminiamu chini ya sitaha, bolti za stenlesi zipenye zote mbili, nati za kujifunga, silikoni ya majini kwenye kila tundu. Mota ile inatikisa omo siku nzima. Na waya wa sona (kifaa cha kuonyesha samaki) upite upande mwingine wa boti na utumie betri yake ndogo, la sivyo ukiwasha mota skrini inajaa mvua ya vidoti na hutajua sangara yupi ni sangara.

#41 Maziwa10Elfu (Minnesota)
55 ya mbele kwa kilo 800 kwenye Victoria bado nasema ni ndogo. Nimeshasema, sirudii.

#42 Kolekole254 (Kilifi)
55 ya mbele ni bora kuliko 80 ya nyuma. Na wewe nimeshakuambia.

#43 Baba_Neema (Dodoma)
Na kwa Mtera je? Boti la mita 4, watu wawili, miti mingi imezama chini.

#44 Otieno_wa_Ghuba (Homa Bay)
Kwa miti iliyozama chukua ya shafti inayopinda ikigongwa, si chuma, na beba pini nyingi.

#45 Dada_Mwalo (Musoma)
Nimefanya kipimo cha #38 na mdogo wangu. Ilipozima, voltimita kwenye betri ilishuka ikasoma 2 na kitu, halafu kabla hajaniita vizuri ikarudi 13.1 yenyewe, na mota haikuwaka hadi niliporudisha spidi sifuri. Breka haikuruka. Boksi kwa mkono lilikuwa vuguvugu, si la moto.

#46 Maziwa10Elfu (Minnesota)
BMS hiyo. Imekata, imejirudisha.

#47 Bin_Seif (Muscat)
BMS ndiyo iliyokata, tunakubaliana. Ila sababu ya kukata, ampea au joto la ndani ya seli? Nje vuguvugu haimaanishi ndani.

#48 FundiWaya (Mwanza)
Au seli moja dhaifu. Betri ya volti 12.8 ni seli nne mfululizo. Moja ikiwa dhaifu, mzigo ukiwa mkubwa inashuka chini peke yake na BMS inakata wakati tatu nyingine bado zimejaa. Dada, kwa sasa usivuke ampea 40, weka alama kwenye mpini wa spidi. Ikizima hata hapo, twende kwenye seli. Isipozima, nenda kwa muuzaji na namba hizi mkononi.